Mkate Laini wa Jirani

Jumatano, 18 Februari

Joviana amerudi kanisani na majivu kwenye paji la uso, akanikuta kibarazani nachambua mchele. Akasema, "Mama Yasmin, sisi tumeanza leo, nyie lini?" Nikamwambia mwezi ukionekana jioni hii, basi kesho. Tukacheka, maana safari hii Kwaresima na Ramadhani zimeingia pamoja kama mawifi wanaogombea mlango. Hapa Kashai tunatenganishwa na ukuta mmoja tu, na uani tunatumia jiko moja. Yeye ni mtu wa Muleba, mimi mtu wa Tanga.

Nimeamua kuandika mwezi huu kwa sababu nina jambo. Mama Lukmani, kiongozi wa akina mama wa msikiti wetu kule mtaa wa Bakoba, amenikabidhi mkate wa futari ya pamoja, Jumamosi ya tarehe 14 Machi. Miaka kumi na moja nimeolewa huku, na kila Ramadhani kazi yangu ni kuosha vikombe. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nilishapewa zamani. Mkate ndio sikuwahi kupewa, maana mkate wanapika wenyewe. Haruni, mume wangu, akauliza, mkate tu ndio unakunyima usingizi? Hawezi kuelewa. Yeye hakuna anayemwita "yule wa Tanga".

Alhamisi, 19 Februari

Funga ya kwanza. Mvua tangu alasiri. Futari yetu ilikuwa uji wa pilipili manga, tende, katogo ya ndizi na maharage, na sato wa kukaanga niliyempata kwa bei ya ugomvi. Kabla ya adhana Joviana alipitisha mkate mlangoni, umefungwa kitambaa, bado wa moto.

Nimeshiba na bado nautamani. Ukiukata hautoi chenga, ukiuminya unarudi. Una utamu wa mbali ambao si wa sukari, na ukiuchovya kwenye chai ya tangawizi haukatikii ndani. Mama mkwe wangu, Bi Maimuna, ambaye anaishi nasi tangu mzee afariki, ndiye huchukua kipande cha kwanza. Anakinusa, anafumba macho, halafu anakula polepole bila kusema na mtu. Nikamwambia Haruni kwamba mama yake hajawahi kufumba macho kwa chakula changu hata siku moja. Akacheka, akaongeza chai.

Jumapili, 22 Februari

Nimeoka mkate wa majaribio. Hamira ya pakiti, maziwa, samli, iliki. Sufuria juu ya mchanga, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Kwa macho ulipendeza. Haruni akaugonga mezani kama anabisha hodi. Mama mkwe akatafuna upande mmoja wa mdomo, kisha akasema alhamdulillahi kwa sauti ya mtu aliyemaliza adhabu. Mwanangu Yasmin, ambaye bado hajajifunza uongo wa adabu, akauliza kama kesho tutakula wa Mama Lameki, yaani wa Joviana.

Jumanne, 24 Februari

Sisimizi kwenye sukari tena. Niliweka kopo ndani ya sahani ya maji. Wamevuka.

Ijumaa, 27 Februari

Leo nimemkabili Joviana anieleze anatia nini kwenye unga. Akasema ni mkono tu. Nikamwambia mkono hauwezi kuumua mkate, na nikamweleza habari ya futari na vikombe vya miaka kumi na moja. Akatazama mlangoni kwetu, alikokuwa ameketi Mama na tasbihi yake. Wakasemeshana Kihaya, haraka haraka. Kihaya changu ni cha sokoni na cha salamu. Wakikimbia nacho huwa nabaki kituoni. Nilisikia jina langu mara mbili.

Kisha Joviana akaingia ndani na kuniletea bakuli lenye donge la unga wa jana, limevimba na kutoboka matundu. Akasema hiyo ndiyo chachu yake. Nilichanganye na unga mpya jioni, asubuhi nioke, na kila mara nibakize kidogo kwa kesho yake. Nisitie hamira ya dukani. Mama akasema, kwa Kiswahili safi kabisa, kwamba jirani mwema ni ndugu. Nimelala nikijiona mtu mwenye watu.

Jumatatu, 2 Machi

Umeumuka. Nilipofunua sufuria mkate ulikuwa umepanda hadi kugusa mfuniko, na uani kote kulinukia. Haruni amekula vipande vinne. Mama alinusa, akafumba macho. Kwa mkate wangu, huu niliooka mimi. Sikutaka kuosha sahani yake, nilitaka niiweke vile vile na makombo yake.

Alhamisi, 5 Machi

Mkaa umelowa. Umeme hakuna tangu asubuhi. Jogoo wa nyumba ya pili anatuamsha daku kabla ya daku.

Jumapili, 8 Machi

Nilimpelekea Mama Lukmani mkate aonje kabla ya siku yenyewe. Leo baada ya darsa amenisimamisha mbele ya wenzake. Akasema, "Siti, huu umeoka wewe? Basi sasa wewe ni wa hapa." Wote wakaniangalia na hakuna aliyecheka. Nikasema asante, nikaenda nyuma ya tangi la maji na kulia kama mtoto. Nimerudi nyumbani nimemkumbatia Joviana hadi akaangusha mwiko.

Jumatano, 11 Machi

Donge limekufa. Usiku wa jana baridi ya mvua iliingia jikoni, na asubuhi nimekuta limelala chini ya bakuli, limetoa maji ya kijivu. Nimelikanda na unga mpya, halikushtuka. Joviana hayupo: mama yake huko Muleba ameteguka mguu, amekwenda kumwuguza tangu juzi, na simu yake haipatikani. Zimebaki siku tatu tu hadi Jumamosi. Mama akaniambia niache, nioke kwa hamira, Mungu anajua. Nikashangaa kidogo. Yeye ambaye mkate wangu wa hamira aliutafuna kama adhabu.

Nimeamua kesho naenda Muleba mwenyewe. Nilipomwambia Haruni, akamtazama mama yake kwanza, ndipo akasema barabara ni mbaya.

Alhamisi, 12 Machi

Nitaandika yote.

Gari liliniacha barabarani asubuhi, nikapanda njia ya migombani kwa miguu, matope hadi vifundoni. Nilibeba sukari, majani ya chai na tambi. Nilimkuta Ma Dativa, mama yake Joviana, ameketi mlangoni, mguu umefungwa kitambaa. Alianguka akitoka kusali Njia ya Msalaba. Nikapiga magoti kumsalimia, kama nilivyofundishwa na wenyeji. Akafurahi sana, akasema kasinge, kasinge, yaani ahsante, akavuta kikapu kidogo cha buni za kutafuna anikaribishe. Nikamwambia nimefunga. Akazirudisha kwa aibu, na kuniomba radhi kama mtu aliyenikosea kweli. Joviana alikuwa shambani anakata ndizi.

Nikamweleza kilichonileta. Akasema, "Chachu ipo, mwanangu, nzuri, ya jana. Zunguka hapo kibandani uchote mwenyewe, mimi na mguu huu siwezi."

Kibandani hakukuwa na unga wala bakuli. Kulikuwa na mtumbwi wa kukamulia ndizi, umesafishwa na kuegemezwa ukutani, nyasi zilizokamuliwa, na mtungi uliofunikwa jani la mgomba. Nikainua jani. Povu zito la rangi ya udongo lilikuwa linapumua taratibu. Harufu iliyonijia niliijua mara moja, maana nimefuturu nayo mwezi huu wote. Ule utamu wa mbali.

Nikarudi mlangoni na kumwuliza Ma Dativa ile ni nini. Akasema, "Rubisi," kama mtu anayetaja maji. Akaona uso wangu, akadhani sijui namna inavyotengenezwa, basi akanieleza kwa upole wote. Ndizi mbivu zikikamuliwa, siku ya kwanza ni juisi tu, hata Waislamu wa kilima hiki wanakunywa. Ukitia mtama uliokaangwa na kusagwa, ukaifunika, kesho yake ni pombe, na povu lake ndilo linaloumua mkate. Wao wenyewe Kwaresima hii hawainywi. Anatengeneza kidogo tu kwa ajili ya mikate ya Joviana.

Nikamwacha amalize. Labda kama ningemkatiza, asingeongeza alilolisema baadaye. Alisema, "Kemilembe hajakwambia?"

Nikauliza Kemilembe gani. Akacheka. "Mama wa mumeo, waitu. Maimuna ni jina la ndoa. Sisi tumekua wote hapa. Mkate huo ni wake, ndiye aliyenifundisha tukiwa wasichana tunasaidia jikoni kwa masista. Mimi nikamfundisha Joviana."

Nikaketi juu ya kuni. Nilimwona Mama jinsi anavyonusa kile kipande cha kwanza na kufumba macho. Nilidhani ni sifa. Alikuwa anakumbuka.

Joviana alitokea na mkungu wa ndizi kichwani. Aliponiona, na kuona jani la mgomba limeinuliwa, aliutua mkungu chini taratibu sana. Nikamwuliza mbele ya mama yake kwa nini. Hakujitetea kwanza, akakung'uta mikono. Halafu akasema, "Mwanzoni nilileta kwa ujirani tu, sikufikiri. Mama mkwe wako akaujua siku ile ile. Akanifuata uani, akasema nisikwambie. Akasema huyu ni mtu wa pwani, ukimwambia atavunja hata sahani, na mimi nitakosa."

Nikamwuliza siku ile aliponipa donge, waliposemeshana Kihaya, walisema nini. Akasema yeye alitaka kunieleza, kwa sababu mkate unakwenda msikitini. Mama akamkatalia. Alimwambia moto unaunguza kila kitu, kinachobaki ni mkate.

"Na wewe ukanipa," nikamwambia. Akaitikia kwamba alinipa. Ma Dativa, maskini, alikuwa anatugeukia mmoja mmoja akiuliza kwa Kihaya kuna nini, amekosea nini. Sikuweza kumwacha hivyo. Nikapiga magoti tena, nikamuaga, nikamwombea mguu upone. Sukari na tambi niliziacha. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasoma istighfari, na katikati ya istighfari najikuta nahesabu nani alikuwa anajua.

Haruni nilimngoja hadi alipotoka kuswali magharibi. Nikamwuliza swali moja tu, kama alijua. Akavua saa mkononi. Kisha akasema, "Nilidhani unajua."

Hakudhani. Mtu anayedhani unajua hamtazami mama yake kabla ya kukuambia barabara ni mbaya.

Ijumaa, 13 Machi

Nilimwuliza shehe kwa simu, bila kutaja majina. Akanituliza, akasema asiyejua haandikiwi kosa, nitubu tu na niache. Nimetulia upande huo. Upande mwingine haukutulia, maana sikuumizwa na mkate. Niliumizwa na kwamba watu wazima wawili wamekaa mkekani pamoja nami, tumenyanyua mikono tukaomba dua moja, na kila mmoja wao anajua ninachotia mdomoni isipokuwa mimi.

Mama nilimkuta chumbani anakunja nguo. Sikupaza sauti. Nilimwambia nimetoka kwa Ma Dativa na nimelijua jina lake la kwanza. Akaendelea kukunja. Nilitaka alie, au akane, nipate pa kushika. Akasema:

"Nilipoolewa na baba yake Haruni niliacha jina, nikaacha kanisa, mama yangu hakuja harusini. Sikujuta na sijuti. Mkate ule nilikuwa nimeusahau. Joviana akauleta mlangoni kwangu, nikajikuta nina miaka kumi na minane. Ningekwambia, ungeninyang'anya."

Nilimwonea huruma, na nilichukia kumwonea huruma. Nikamwambia angeweza kula wake, akaniacha mimi na mwanangu. Akajibu kwamba chakula cha kujificha hakina ladha. Yaani ili yeye asijifiche, mimi ndiye nikafichwa.

Usiku, Haruni akiwepo, niliwaomba jambo moja tu. Sikuomba radhi wala mkate. Niliomba nisifichwe tena kitu ndani ya nyumba hii, kidogo wala kikubwa. Haruni akasema wallahi. Mama akainamisha kichwa, akasema sawa, mwanangu.

Jumamosi, 14 Machi

Nimeoka tangu alfajiri. Hamira ya pakiti, maziwa, samli, iliki, na dua. Nimeukanda hadi mabega yakawaka. Umetoka kama nilivyojua utatoka.

Ukumbi ulijaa. Mama alikaa karibu na Mama Lukmani, mahali pake pa siku zote. Adhana ilipoita, tende zikazunguka, uji ukamiminwa, kisha mkate wangu. Nikasikia ukumbi mzima unatafuna. Mkate mzuri hausikiki. Mwanamke mmoja alichovya kipande kwenye chai, akakiacha humo, akakisahau makusudi.

Mama Lukmani akanigeukia, bila ubaya. Akauliza, "Siti, ule wa juzi aliuoka nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ule ulikuwa na kitu ambacho sikukijua na nimekiacha. Ningelisema hivyo tu, bila kumtaja mtu. Nilikuwa nimefungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Ule alisaidiwa na jirani yake Mkristo," akasema, akijipangusa vidole. "Mkwe wangu mkate bado hajaujua. Watu wa Tanga ni wa wali."

Wakacheka, cheko la kirafiki, la kumsamehe mtoto. Nikamtazama. Hakuniangalia. Alikuwa ameona mdomo wangu unafunguka, akaogopa kitakachotoka, akanizima. Ningeweza kuimalizia ile nusu aliyoibakiza, na Mama asingeingia tena ukumbini pale. Hasira yote ilikuwa tayari ulimini. Niliimeza pamoja na uji. Sijui kama nilifanya hivyo kwa wema au kwa sababu nilikuwa sina mtu upande wangu wa mkeka.

Mama Lukmani akanipapasa mgongo. Akasema si neno, mwakani nitawasaidia vikombe.

Jumapili, 15 Machi

Mvua. Sikutoka.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Haruni ameniletea samaki mkubwa kuliko uwezo wake. Nimempika.

Jumanne, 17 Machi

Joviana amerudi. Alibisha mlango wa mbele kama mgeni, yeye ambaye siku zote huingilia uani. Akasema, "Ningekuwa wewe nisingenifungulia." Nikamwambia hata mimi sijui kwa nini nimefungua. Hakuingia. Alisimama hapo hapo kizingitini, akasema amekosa, wala hakumtaja Mama safari hii, hakumtaja mtu. Alisema amekosa yeye, mikono ni yake. Mle ndani Mama alikuwa anakohoa ili tujue anasikia.

Nilikuwa nimepanga kumchukia Joviana kwanza na kwa muda mrefu. Nashangaa kwamba kati yao wote ni yeye peke yake aliyekuja mlangoni.

Jumatano, 18 Machi

Jioni Joviana ameleta mkate. Wa hamira ya pakiti. Amenionyesha na pakiti yenyewe, imechanwa. Ulikuwa mgumu kama wangu. Tukaumega kwa magoti, tukacheka kidogo, kisha nikalia, yeye akaangalia pembeni. Mama alipewa kipande. Akakinusa, akakirudisha sahanini.

Jumamosi, 21 Machi

Idd. Nimepika pilau, ile ya kwetu, yenye bizari nyingi, na tambi za nazi. Watu wamekula hadi wakalegeza mishipi. Mama Lukmani alipita, akasema kweli watu wa Tanga ni wa wali. Nikatabasamu. Joviana hakugusa nyama, yuko Kwaresima, lakini ukoko alimaliza yeye.

Mama amevaa kanga mpya niliyomnunulia. Amenishika mkono mbele ya wageni, akaniita binti yangu. Nimejitahidi mkono wangu usiwe baridi.

Jumapili, 22 Machi

Asubuhi Mama alisema anakwenda Muleba kumwona Ma Dativa na mguu wake, kwa kuwa ni Idd pili, siku ya kutembeleana. Ni haki yake, ni rafiki yake wa utotoni. Haruni akasema atamsindikiza. Yasmin akalilia kwenda na baba yake, nikamvalisha gauni la Idd. Mimi nilibaki. Sikuwa tayari kukiona kile kibanda. Niliwafungia pilau iliyobaki wampelekee mgonjwa, nikasimama mlangoni hadi walipokata kona.

Nyumba ilikuwa kimya, nikafurahia ukimya. Nilifua mapazia. Nilikunywa chai peke yangu na kipande cha mkate mgumu wa Joviana, nikauzoea. Nikawaza kwamba labda imekwisha, labda mwezi umepita na mambo yake.

Wamerudi jioni, wamechoka, wamejaa furaha. Mama alikuwa na uso wa kijana. Haruni akaenda moja kwa moja kuoga. Nikamketisha Yasmin kwenye kigoda nimvue viatu vya matope, nikamwuliza mguu wa Ma Dativa umepona, akasema unapona. Nikamwuliza walikula nini huko.

Akamtazama bibi yake. Kisha akageukia mlango wa bafuni alikokuwa baba yake. Ndipo akanijibu.

"Ndizi tu, mama."